Paukwa Wembley: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Gemu ya Game Boy kwa Heshima ya Queen

Nimeshaona gemu nyingi za mashabiki wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, zilizoachwa katikati, na karibu zote zimekwama palepale. Picha ya jukwaa imekataliwa na programu. Umati unapepesa na nusu yake haionekani. Muziki unakatika kila mchezaji anapobonyeza kitufe. Mwenye gemu anachoka, folda inabaki kwenye kompyuta, na baada ya miezi anaanza nyingine kwa makosa yaleyale.

Mwongozo huu unakufikisha kwenye gemu moja fupi ya dakika tatu, inayochezeka kwenye simu ya mtu yeyote. Ina tukio moja tu: Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi, jukwaani kwenye uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, anauita umati kwa sauti yake na umati unamwitikia. Historia ya bendi naiacha, kwa kuwa anayetaka kutengeneza gemu kama hii anaijua.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Ukikosa kimoja katikati ya kazi, hapo ndipo gemu hulala.

- Kompyuta ya Windows, Mac au Linux. Si lazima iwe na nguvu. Hata ya zamani inatosha.
- GB Studio, programu ya bure ya Chris Maltby ya kutengeneza gemu za Game Boy (mashine ndogo ya gemu ya mkononi ya Nintendo) bila kuandika msimbo wa kompyuta. Mimi nafuata toleo la 4. Kwenye matoleo mengine baadhi ya majina ya vitufe yanatofautiana kidogo, lakini mpangilio ni uleule.
- Programu ya kuchora pikseli. LibreSprite ni ya bure na inatosha. GIMP pia inafaa, mradi utumie penseli na si brashi.
- mGBA, au emuleta nyingine (programu inayoiga Game Boy kwenye kompyuta), kwa majaribio.
- Spika za kompyuta au hedifoni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti, na gemu hii ni ya sauti. Utadhani skripti yako (orodha ya amri unazoipa gemu) ina kosa, kumbe ni hedifoni.
- Daftari la karatasi za miraba, kama lile la hesabu.
- Simu ya rafiki ambaye hajaiona gemu yako. Hiki ni kifaa kama vingine, utakihitaji mwishoni.

## Hatua ya 1: Amua mchezaji ni nani

Kila mtu huanza kwa kumfanya mchezaji awe Freddie. Anamchora, anampa miguu, anamrusha juu ya vizuizi, anamwokotesha noti za muziki. Ukimwondoa Freddie ukaweka sungura, gemu haibadiliki. Hapo hujaiheshimu bendi, umeazima sura yake tu.

Nakushauri mchezaji awe umati. Sisi mashabiki hatukuwahi kuwa Freddie, tulikuwa upande wa kuitikia. Siku ile ya Live Aid, tamasha la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, walikuwapo watu wapatao 72,000 uwanjani, na kwenye dakika 21 hivi za Queen, kipande kinachokumbukwa mno ni kile ambacho hakina gitaa wala dramu. Ni mtu mmoja anatoa sauti, na uwanja mzima unairudisha. Aliyekua pwani akisikia "Paukwa!" naye akajibu "Pakawa!" hahitaji kufundishwa mchezo huo. Ndiyo maana gemu yangu niliiita *Paukwa Wembley*, na kwa kuwa Freddie alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina hilo sikulitoa mbali.

Uamuzi huu unakupunguzia kazi pia. Mchezaji asiyetembea hahitaji michoro ya kutembea, kuta za kugonga wala ramani.

Sasa andika gemu nzima kwenye ukurasa mmoja wa daftari: picha ya ufunguzi, maneno mawili matatu, miito sita, furaha ya mwisho, basi. Mpe mtu asome. Akiweza kukueleza mchezaji anafanya nini bila kukuuliza swali, songa mbele. Akiuliza, rekebisha karatasi kwanza. Kurekebisha karatasi ni dakika tano. Kurekebisha skripti ni usiku mzima.

## Hatua ya 2: Fungua mradi

Fungua GB Studio, anzisha mradi mtupu, uupe jina lisilo na nafasi: PaukwaWembley. Kwenye mipangilio ya rangi chagua "Monochrome". Rangi zina uzuri wake, lakini kwa gemu ya kwanza zinaongeza kazi na haziongezi chochote kwa mchezaji.

Ndani ya folda ya mradi kuna folda iitwayo assets. Humo picha za nyuma hukaa kwenye backgrounds, wahusika kwenye sprites, muziki kwenye music. Ukihifadhi picha hapo, programu inaiona yenyewe.

Kila unapomaliza hatua moja ya mwongozo huu, nakili folda nzima na uiandikie tarehe. Skripti ikikuharibikia hatua ya 6, hutataka kurudi hadi mwanzo.

## Hatua ya 3: Chora jukwaa na umati

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo soma polepole.

Skrini ya Game Boy ina pikseli 160 kwa 144. Mashine haioni picha nzima. Inaona vigae vya pikseli 8 kwa 8. Skrini moja ni vigae 20 kwa upana na 18 kwa urefu, jumla 360. GB Studio inakuruhusu vigae 192 tu vinavyotofautiana katika picha moja ya kawaida. Kwa hiyo ukichora skrini nzima bila kurudia kitu, umezidisha vigae 168 na picha itaharibika au itakupa onyo. Programu haina kosa, ndivyo ilivyo kumbukumbu ya mashine yenyewe.

Dawa ni kuchora kama fundi wa vigae na si kama mpiga picha:

1. Katika LibreSprite fungua picha ya 160 kwa 144, washa gridi ya 8 kwa 8.
2. Tumia rangi nne hizi tu, herufi kwa herufi: #071821, #306850, #86C06C na #E0F8CF. Ya kwanza ndiyo nyeusi zaidi, ya mwisho ndiyo nyepesi zaidi.
3. Chora shabiki mmoja kwa mgongo: kichwa na mabega, pikseli 16 kwa 16. Huyo ni vigae vinne.
4. Chora wa pili aliye tofauti kidogo, mwenye nywele nyingi au kofia. Sasa una vigae vinane.
5. Wapange hao wawili kwa kupokezana, kumi kwa safu, safu tatu chini ya skrini. Umepata mashabiki thelathini kwa vigae vinane tu.
6. Jukwaa: kigae kimoja cha mbao kinachorudiwa, kimoja cha ukingo, na spika zilizopangwa kwa kurudia kigae cha duara. Anga ya juu ni kigae kimoja kitupu.

Mashabiki waweke sawasawa ndani ya gridi. Ukimsogeza mmoja pikseli tatu kulia, vigae vyake vyote vinahesabiwa vipya. Ukimgeuza kama kwenye kioo, katika hali ya rangi moja vinahesabiwa vipya pia.

Onyo jingine dogo lakini sugu: hifadhi kama PNG, na usijitumie picha kwa WhatsApp kutoka simu kwenda kompyuta. Inabanwa, kingo zinapata rangi za kati, na vigae viwili uliovifanya vifanane havifanani tena.

Iweke picha kwenye backgrounds, unda sini mpya ("scene", yaani skrini moja ya gemu), ichague. Programu itakuonyesha idadi ya vigae. Jukwaa langu la kwanza lilizidi 192, la pili likashuka hadi chini ya mia, na la pili ndilo zuri zaidi kwa macho. Ukipata chini ya 120 umefanya vizuri, maana unabaki na nafasi ya kuongeza taa.

Picha ya ufunguzi ina njia yake. Sini ya aina ya "Logo" huruhusu vigae vyote 360 vitofautiane, kwa sharti kwamba hakuna mhusika atakayeonekana juu yake. Hapo chora kwa raha zako. Ila usinakili nembo ya bendi, ile ya simba wawili, kaa na mabinti wawili wenye mabawa ambayo Freddie aliibuni kwa alama za nyota za wanabendi wanne. Buni yako. Mimi nilichora mlango wa Mji Mkongwe wenye njumu za shaba, na taji juu ya kizingiti.

## Hatua ya 4: Mchore Freddie kwa pikseli 16

Usianze na uso. Katika upana wa pikseli 16, uso wote una pikseli sita hivi, na sharubu ni mstari wa pikseli nne. Anayemtambulisha Freddie ni kivuli chake: mguu mmoja mbele, kifua kimetoka, mkono mmoja juu umekunja ngumi, na ile stendi ya maikrofoni isiyo na kitako, nusu fimbo, imeshikwa mshazari.

Chora kwanza kivuli kitupu chenye upana wa 16 na urefu wa 32, kwa rangi moja nyeusi. Sogea mita mbili kutoka kwenye kompyuta. Ukimtambua, endelea. Usipomtambua, refusha stendi au panua miguu, usiongeze mapambo.

Spraiti, yaani mchoro wa mhusika unaokaa juu ya picha ya nyuma, ina rangi tatu tu: #071821, #86C06C na #E0F8CF. Sehemu isiyoonekana ijaze #65FF00. Sasa fulana nyeupe aliyoivaa siku ile inakuwa msaada, kwa sababu rangi nyepesi kabisa itang'aa mbele ya jukwaa jeusi. Ile jaketi ya njano ya mwaka 1986 ambayo kila mtu huitaka haina faida katika rangi hizi. Itakuwa ya kijivu tu.

Tengeneza mikao miwili: maikrofoni mdomoni, na mkono juu. Inatosha kabisa.

Wenzake watatu wachore ndani ya picha ya nyuma, si kama spraiti. Brian May ni wingu la nywele na gitaa. Roger Taylor ni kichwa nyuma ya dramu. John Deacon ni mtu aliyesimama wima na besi. Hawasogei wakati wa miito, na kweli siku ile hawakuwa na la kufanya wakati huo ila kusubiri.

### Mikono ya umati

Umati unaopepesa chanzo chake ni hiki: Game Boy haiwezi kuonyesha spraiti zaidi ya 10 kwenye mstari mmoja wa skrini, na spraiti ya pikseli 16 kwa upana huhesabiwa kama mbili. Kwa hiyo wahusika watano wa kawaida wakisimama safu moja, nafasi imekwisha. Wa sita atakatika. Ukimfanya kila shabiki mhusika, lazima ikufike.

Ndiyo maana mashabiki tumewachora kwenye picha ya nyuma. Utahitaji wahusika sita tu: jozi za mikono iliyoinuliwa, 16 kwa 16. Tatu ziwe safu ya kwanza ya umati, tatu safu ya pili, na safu hizo zipishane kwa urefu wa pikseli 16 au zaidi. Zifiche zote mwanzoni. Kila raundi mchezaji akishinda, jozi moja inatokea.

Cheza sini uone. Freddie asimame jukwaani, na mikono yote sita ukiionyesha kwa pamoja isikatike popote. Ikikatika, safu zako zimekaribiana mno.

## Hatua ya 5: Tunga muziki wako

Wengi hutafuta namna ya kuigeuza rekodi ya Queen iwe faili la Game Boy. Acha. Kwanza, hata ukiupiga wimbo upya kwa milio ya mashine, tuni bado ni mali ya watunzi wake; kubadilisha ala hakuondoi haki hiyo. Pili, nyimbo zao zilijengwa kwa kurundika sauti za Mercury, May na Taylor tabaka juu ya tabaka kwenye tepu, na mashine hii ina chaneli nne tu. Utapata kivuli chembamba cha kitu unachokipenda, na utaumia.

Tunga kipande chako cha sekunde kumi na tano hivi chenye tabia yao. GB Studio ina kihariri cha muziki ndani yake. Chaneli mbili za kwanza ni milio ya pigo, ya tatu ni wimbi unalolichora mwenyewe, ya nne ni kelele.

Zigawe hivi:

- Chaneli 1: gitaa linaloongoza tuni.
- Chaneli 2: kwaya. Hapa tumia arpejio, athari namba 0. Ukiandika 047 kwenye noti, mashine inazungusha haraka noti hiyo, ya nne juu yake na ya saba juu yake, kwa nusu-toni, na sikio linasikia noti tatu za pamoja ("chord") zenye furaha. Ukiandika 037 zinakuwa za huzuni. Hivi ndivyo watu watatu wanavyoimba kwenye chaneli moja.
- Chaneli 3: besi.
- Chaneli 4: dramu na makofi.

Ukurasa mmoja wa kihariri una mistari 64. Hesabu mistari minne kwa pigo moja, upate mapigo kumi na sita, yaani baa nne. Weka kasi ya tiki 7 (hatua ndogo za saa ya mashine) kwa mstari na utakuwa na mapigo 128 hivi kwa dakika. Kurasa mbili zinatosha.

Kuna ujanja mmoja ninaoupenda. Gitaa la May mara nyingi lilijijibu lenyewe kwa mwangwi. Baa ambazo kwaya imenyamaza, nakili tuni ya chaneli 1 uiweke chaneli 2, imechelewa mistari mitatu na imepunguzwa sauti. Utasikia mashine ndogo inageuka ukumbi.

Sikiliza kwa spika mbovu ya simu. Kama besi haisikiki kabisa, ipandishe oktavu moja. Wasikilizaji wako wengi watakuwa kwenye spika hiyo.

## Hatua ya 6: Mwito

Gemu nyingi muziki hukatika hapa, kwa kuwa sauti ya kitufe huchukua chaneli ambayo wimbo unaitumia. Ukicheza mlio wa "Tone", unachukua chaneli ya kwanza, na gitaa lako linanyamaza kwa muda huo.

Suluhisho tunalipata Wembley kwenyewe: wakati Freddie anaita, bendi ilikuwa kimya. Basi simamisha muziki kwa "Stop Music" kabla ya mwito wa kwanza, na uurudishe baada ya itikio la mwisho. Chaneli zote zinakuwa huru, na kimya kile kinamfanya mchezaji akae sawa.

Unda vigeu ("variables", nafasi za kuhifadhia namba) hivi: Mwito1, Mwito2, Mwito3, Mwito4, Urefu, Sauti, Nafasi, Zamu, Raundi. Kisha kubaliana na nafsi yako juu ya namba hizi na uzibandike ukutani:

- 0 ni kitufe cha juu, mlio wa 784 Hz
- 1 ni kulia, 659 Hz
- 2 ni kushoto, 587 Hz
- 3 ni chini, 523 Hz

Hizo ni sol, mi, re na do. Ziko kwenye ngazi moja, kwa hiyo hata mpangilio wowote haukwaruzi sikio.

Tengeneza skripti ya pamoja uiite ToaSauti. Ndani yake weka "Switch" ya kigeu Sauti, na kila namba icheze "Tone" yake kwa sekunde 0.3. Angalia kisanduku cha kusubiri mlio uishe. Kikiwa kimetiwa alama, usiongeze "Wait" ndefu baada yake. Ukiongeza, mwito unaburuta na mdundo unapotea. Fremu 6 za kupumua zinatosha, na fremu 60 ni karibu sekunde moja.

Tengeneza ya pili, PigaMwito:

1. Zamu iwe 0, ili vitufe visifanye kazi.
2. Freddie aweke maikrofoni mdomoni.
3. Sauti ichukue thamani ya Mwito1, ita ToaSauti. Kisha Mwito2 vivyo hivyo.
4. Kama Urefu ni 3 au zaidi, Mwito3. Kama ni 4, Mwito4.
5. Freddie ainue mkono. Mkono huo ndio unaomwambia mchezaji "haya, nyinyi".
6. Nafasi iwe 1, kisha Zamu iwe 1.

Miito yenyewe usiiachie bahati nasibu. Programu inaweza kuchagua namba ovyo, na nimejaribu: inasikika kama simu inayopigwa na mtoto. Mwimbaji anayeita umati ana nia. Anaanza na rahisi ili watu wajiamini, anawapandisha, anawatega, halafu anawapa wa mwisho wa kuachilia koo. Andika miito sita kwa mkono wako. Yangu ni hii: do-sol, sol-do, do-re-mi, mi-re-sol, sol-mi-sol-do, do-mi-re-sol. Urefu ni 2, 2, 3, 3, 4, 4. Imba yako kwa mdomo kabla ya kuiandika. Usioweza kuuimba utupe.

Ukicheza sini sasa unapaswa kusikia mwito, uone mkono unapanda, halafu kimya. Hicho kimya kikikufanya utake kujibu, hatua hii imekaa.

## Hatua ya 7: Itikio

Mwanzoni mwa sini mfiche mchezaji wa kawaida, kisha tumia "Attach Script to Button" mara nne, moja kwa kila upande. Hakikisha umetia alama kwenye kisanduku cha kuondoa kazi ya kawaida ya kitufe, la sivyo kuna mtu asiyeonekana atakuwa anatembea jukwaani kwako.

Kila kitufe kiwe na mpangilio huu:

1. Kama Zamu si 1, usifanye lolote.
2. Zamu iwe 2.
3. Sauti iwe namba ya kitufe hicho.
4. Ita ToaSauti.
5. Ita Hakiki, skripti ya tatu ya pamoja ninayoieleza hapa chini.

Mstari wa pili ndio watu husahau. Bila huo, mchezaji mwenye vidole vyepesi anabonyeza mara mbili wakati mlio wa kwanza haujaisha, skripti mbili zinakimbia pamoja, Nafasi inaruka, na raundi inashindwa bila sababu. Zamu ikiwa 2 mlango umefungwa.

Hakiki nayo inafanya hivi. Inatazama Nafasi, kama ni 1, inalinganisha Sauti na Mwito1, kama ni 2, na Mwito2, na kuendelea. Zikilingana, Nafasi inaongezeka moja. Nafasi ikizidi Urefu, mchezaji ameshinda raundi: onyesha jozi moja ya mikono, ongeza Raundi, weka miito ya raundi inayofuata, ita PigaMwito. Kama bado, rudisha Zamu iwe 1.

Zisipolingana, cheza mlio mfupi wa kelele, subiri fremu 40, kisha PigaMwito uleule upya. Hakuna kufa wala maisha matatu. Niliwahi kuweka maisha matatu nikayatoa siku ileile. Freddie hakuufukuza umati uliokosea, aliita tena. Mchezaji anayerudishiwa mwito uleule kwa subira anajifunza, na akiupata anafurahi kuliko aliyeokoa moyo wake wa mwisho.

Raundi, inayoanzia 1, ikifika 7, ondoa skripti za vitufe, badilisha sini kwenda ya pili ambayo picha yake ya nyuma ina umati wote umeinua mikono, na hapo ndipo upige muziki wako. Baada ya dakika mbili za milio mitupu, chaneli nne zikiingia kwa pamoja zinasikika kubwa kuliko zilivyo.

Jaribu kukosea makusudi kila raundi, na kubonyeza ovyo wakati Freddie anaita. Gemu ikivumilia fujo zako zote bila kuganda, imepona.

## Hatua ya 8: Maneno

Kiswahili kina bahati hapa: hakihitaji herufi za ziada, fonti iliyomo inatosha. Angalia tu alama ya ng'. Tumia kidoti kilichonyooka (') cha kibodi. Kile kilichopinda kinachotoka kwenye programu za kuandikia hakitasomeka.

Kisanduku cha maneno kina nafasi ya herufi 18 kwa mstari kwa fonti ya kawaida. Neno kama "tutakapoonana" lina herufi 13, kwa hiyo linakula karibu mstari mzima. Kata mwenyewe mwisho wa kila mstari, usiiachie programu. Na andika machache. Gemu yangu nzima ina maneno haya kabla ya kuanza: "Akiita, itikia." Mishale inaeleza mengine.

## Hatua ya 9: Isafirishe na uijaribu

Kwenye sehemu ya "Export" njia mbili zitakufaa. ROM inakupa faili la kufungua kwenye mGBA, au kwenye Game Boy halisi ukiwa na katriji ya kuandikia. "Web" inakupa folda ya kupandisha kwenye tovuti kama itch.io, nayo inafunguka kwenye simu ikiwa na vitufe vya kugusa.

Fungua ROM kwanza, ucheze hadi mwisho mara tatu. Kisha pandisha ya kivinjari na umpe yule rafiki simu mkononi. Keti pembeni ufunge mdomo. Usimwelekeze. Andika kila anaposita. Wangu alisita raundi ya kwanza tu: hakujua zamu yake imefika, kwa sababu mkono wa Freddie ulikuwa umejificha mbele ya spika nyeusi. Nikaisogeza spika vigae viwili kulia.

## Kabla ya kuipa watu

Usiiuze, wala usiweke matangazo. Jina la bendi lisiwe kichwa cha gemu. Liweke kwenye maelezo, pamoja na sentensi moja ya wazi kwamba hii ni kazi ya shabiki na haina uhusiano na Queen wala wanaosimamia kazi zao. Usiweke rekodi yao hata ya sekunde mbili, wala picha ya gazeti uliyoipunguza pikseli. Ukifuata hatua ya 3 hadi ya 5 kama zilivyo, kila pikseli na kila noti ni yako. Hilo halikupi kinga ya kila kitu, kwa hiyo wenye haki wakikuomba uiondoe, iondoe.

Kwenye maelezo ya gemu andika pia jina la GB Studio na la aliyekuchorea au kukujaribia, kama amekubali kutajwa. Rafiki yangu alikataa kutajwa jina. Aliomba tu nimchoree kofia yake, naye sasa yupo safu ya pili ya umati, wa nne kutoka kushoto.